Mzee Paderewski, mpiga piano aliyechangisha kwa ajili ya wakimbizi wa kwao

Safari hii tunatoka mbali kidogo na Lac Vert. Kule Tengeru, karibu na Arusha, kuna makaburi ya Wapolandi mpaka leo. Walifukuzwa makwao wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, wakapitia Siberia na Irani, na kuanzia 1942 wakaletwa kukaa kambini Tanganyika, na wengine Masindi na Koja kule Uganda. Kumbe hata Wazungu wamewahi kuwa wakimbizi huku kwetu! Tunataka kumueleza mtu wa taifa lao, Ignacy Jan Paderewski.

Alizaliwa 1860 kijijini Kuryłówka, leo ni Ukraine. Poland haikuwa kwenye ramani, juu Urusi, Prussia na Austria walikuwa wameigawana. Mama yake alikufa yeye angali mchanga. Mwaka 1863 baba yake akakamatwa juu ya uasi dhidi ya Warusi, na mtoto akalelewa na ndugu wa familia. Watoto wa namna hiyo tunawajua wote.

Akiwa na miaka 12 aliingia shule ya muziki Warsaw. Alioa 1880, bibi yake akafa baada ya kujifungua, akabaki na mtoto mlemavu. Alitaka kwenda Vienna kusoma kwa mwalimu mkubwa Theodor Leschetizky, lakini feza hakuna. Hapo mwigizaji Helena Modrzejewska akamsaidia kufanya konseri Kraków, 1884, na viingilio vikawa nauli na karo. Sehemu hii ndiyo inatupendeza kuliko zote, maana hata yule aliyekuja kuchangia maelfu alianza kwa kuchangiwa.

Leschetizky alimuona amechelewa. Miaka 24, vidole vimeshazoea vibaya! Akaanza tena mazoezi ya mtoto, saa nyingi kila siku. Akapiga Vienna 1887, Paris 1888, London 1890, halafu Carnegie Hall ya New York 1891. Katika ile safari ya kwanza ya Marekani alipiga zaidi ya mara 100 ndani ya miezi michache. Kidole kimoja cha mkono wa kuume kikaumia, naye akaendelea kupiga. Feza ikaja, na jina likaenda mpaka kwa watu wasiosikiliza muziki wa namna hiyo.

Vita ya 1914 ilipopita juu ya vijiji vya Poland, watu walibaki bila nyumba wala chakula. Mwaka 1915, kule Vevey, Uswisi, yeye na mwandishi Henryk Sienkiewicz wakaanzisha komite ya kusaidia wahanga. Kisha akavuka kwenda Marekani. Alisimama mbele ya watu zaidi ya mara 300. Mara nyingi alihutubia kwanza juu ya nchi yake, ndipo akakaa kwenye piano. Wafadhili wetu wanajua ugumu wa kuomba. Yeye aliomba miaka mitatu bila kuchoka.

Desemba 1918 akarudi. Poznań ilijaa watu barabarani, na kesho yake Wapolandi wa mji wakashika silaha dhidi ya utawala wa Wajerumani. Januari 1919 akawa waziri mkuu, na Juni akatia sahihi mkataba wa Versailles. Lakini kabla mwaka kwisha alishajiuzulu. Wabunge walimchosha, na tuseme ukweli, kuendesha ofisi haikuwa kazi yake. Aliyepokewa kwa shangwe akaondoka, na hakukaa tena Poland.

Feza nyingi ilikuwa imeenda kwenye siasa na misaada. Basi, akiwa amepita miaka 60, akarudi kwenye kazi anayoijua, na 1922 akapiga tena Carnegie Hall. Mwaka 1932, wakati wa njaa ya kazi Marekani, alipiga Madison Square Garden kwa ajili ya wanamuziki waliokosa ajira.

Wajerumani walipoivamia Poland tena, mzee huyu alikubali kuongoza baraza la taifa lake uhamishoni, 1940. Alikufa New York tarehe 29 Juni 1941. Mwili ukawekwa makaburini Arlington kungojea Poland iwe huru, ukangoja miaka 51. Mwaka 1992 ulirudishwa na kuzikwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohane, Warsaw. Moyo wake ulikuwa umetolewa alipokufa. Huo ulibaki Marekani, kule Doylestown, Pennsylvania.