Elisabeth wa Austria: malkia aliyeishi akisubiri msimu wa farasi

Waliosoma jiografia Afrika Mashariki kabla ya mwaka 1975 walilijua Ziwa Turkana kwa jina jingine: Ziwa Rudolf. Jina hilo lililetwa mwaka 1888 na Samuel Teleki, lodi wa Kihungaria aliyepita Pangani na msafara wa mamia ya wapagazi, akiongozwa na watu wa pwani waliozijua njia za bara, miongoni mwao Jumbe Kimemeta. Teleki alilipa ziwa jina la rafiki yake, mrithi wa kiti cha Austria na Hungaria. Waturkana, Wasamburu na Waelmolo, ambao ziwa hilo lilikuwa maisha yao, hawakuulizwa.

Rudolf tulimjua kwa ziwa. Mama yake hatumjui sana, ingawa Ulaya sura yake bado imo katika filamu, katika maduka ya kumbukumbu na hata katika visanduku vya peremende. Aliitwa Elisabeth, na nyumbani kwao walimwita Sisi. Picha hizo humwonyesha na nywele ndefu na gauni la nyota. Lakini kwa miaka mingi ya utu uzima wake mwanamke huyu hakuishi kwa ajili ya gauni wala taji. Aliishi akisubiri majira ya majani kupukutika, mavuno yanapokuwa yameondolewa shambani, mbwa wanapotolewa bandani na farasi wanapoanza kuandaliwa kwa msimu wa kuwinda.

Alizaliwa Munich, Bavaria, tarehe 24 Desemba 1837. Baba yake, Max, alikuwa wa ukoo wa kifalme lakini hakupenda mambo ya ikulu. Alipenda kupiga zeze la Kibavaria, kusafiri na kuona sarakasi, na ndani ya jumba lake la mjini alijenga uwanja wa duara wa kuchezeshea farasi. Majira ya joto familia ilihamia Possenhofen, kando ya Ziwa Starnberg, ambako watoto walikimbia na kupanda farasi bila kufuatwafuatwa.

Mwaka 1853 Kaizari kijana wa Austria, Franz Joseph, alikutanishwa na dada yake mkubwa, Helene, ambaye wazee walikuwa wamemchagua awe mchumba. Kaizari akamtazama mdogo mtu, akamtaka yeye. Elisabeth alikuwa na miaka 15. Aprili mwaka uliofuata alifunga ndoa Vienna, akiwa na miaka 16.

Ikulu ya Vienna ilikuwa na kanuni kwa kila kitu: nani asimame wapi, nani amsalimu nani, malkia avae nini saa ngapi. Mama mkwe wake, Sophie, ambaye pia alikuwa mama yake mkubwa kwa damu, ndiye aliyeshika hatamu za nyumba. Watoto walipozaliwa, yeye ndiye aliyewalea. Binti wa kwanza alifariki mwaka 1857 akiwa na miaka miwili, katika safari ya Hungaria. Mwaka uliofuata akazaliwa Rudolf.

Rudolf alipofikisha miaka sita alikabidhiwa kwa afisa wa jeshi aliyeamini kwamba mtoto wa mfalme hufunzwa kwa hofu. Mtoto akawa mgonjwa na mwoga. Hapo ndipo Elisabeth, mwaka 1865, alipomwandikia mumewe barua ya kumpa sharti: ama yeye mama apewe mamlaka juu ya malezi ya watoto wake, ama aondoke. Kaizari alikubali. Mwalimu yule akaondolewa. Ulikuwa ushindi mkubwa wa mama, na msomaji aukumbuke, kwa sababu baadaye mama huyu hakuonekana nyumbani mara nyingi.

Miaka miwili baadaye, Juni 1867, Franz Joseph na Elisabeth walivishwa taji la Hungaria huko Buda. Elisabeth alikuwa amejifunza Kihungaria na kuwapenda Wahungaria, nao wakampenda. Taifa likawapa wawili hao kasri la Gödöllő, karibu na Pest, lenye misitu na tambarare pande zote. Hapo akapata alichokuwa amekikosa tangu Possenhofen.

Huko Ulaya wakati ule msimu wa kuwinda kwa farasi na mbwa haukuanza siku moja kwa tarumbeta. Huko Uingereza, kwa mfano, siku rasmi ilikuwa mwanzoni mwa Novemba, lakini kazi yenyewe ilianza wiki nyingi kabla. Farasi amepumzika malishoni majira yote ya joto. Tumbo limejaa nyasi, misuli imelegea, pumzi ni fupi. Ukimtoa mbio siku ya kwanza, utamvunja miguu au utamharibu mapafu. Kwa hiyo saisi humtembeza kwanza, saa nzima, kisha saa mbili, juu ya barabara ngumu ili mishipa ya miguu ikaze. Baadaye humpandisha vilima, na mwisho humwachia shoti fupi. Nyasi hupunguzwa na shayiri huongezwa.

Ndipo yalikuja matembezi ya kwanza na mbwa. Watu walikuwa wachache, waliondoka alfajiri umande ukiwa bado chini, kwa sababu harufu ya mnyama hukaa vizuri katika baridi. Mbwa wachanga walijifunza kufuata harufu ya mbweha pamoja na wakubwa. Farasi wachanga walijifunza kusimama kimya mbwa walipopita miguuni, na kutoshtuka baragumu likilia. Mpanda farasi naye alipimwa, maana mapaja na mgongo vya mwanadamu hulegea kama vya farasi. Hakukuwa na watazamaji wala mavazi ya fahari. Ilikuwa kazi ya subira.

Mtu aliyechoka kutazamwa angeipenda kazi hiyo, na Elisabeth aliipenda. Kila vuli Gödöllő ilijaa wapanda farasi, na Nikolaus Esterházy, aliyesimamia mbwa na mawindo, alijulikana kwa kupenda mwendo mkali. Malkia alipanda farasi karibu kila siku. Alimwalika Elise Petzold, mpanda farasi wa sarakasi aliyejulikana kwa jina la Renz, amfundishe farasi wa mafunzo ya juu. Watu wa Vienna walinong'ona kuhusu malkia kukaa na watu wa sarakasi. Binti wa Max hakuona aibu.

Kupanda kwake kulikuwa kwa hatari kuliko kwa wanaume waliomfuata. Wanawake wa wakati ule walikaa upande, miguu yote miwili kushoto, mguu wa kulia ukiwa umepitishwa juu ya pembe ya tandiko. Mkono wa kulia ulishika fimbo badala ya kazi ya mguu uliokosekana upande huo. Farasi akianguka, sketi ndefu ingeweza kunasa na kumburuta aliyeivaa. Inasimuliwa kwamba Elisabeth alishonewa vazi lake mwilini kila mara kabla ya kupanda, ili lisiwe na mkunjo hata mmoja. Pia alibeba kipepeo cha ngozi, na watu walipokusanyika kumtazama alikiinua kuficha uso.

Septemba 1875, msimu ukikaribia, alikuwa Sassetot, Normandy, nchini Ufaransa, akimzoeza farasi kuruka vizuizi. Farasi alijikwaa, Elisabeth akatupwa akapoteza fahamu. Kwa siku kadhaa kichwa kilimuuma na macho hayakuona sawasawa. Habari zilipofika Vienna, Kaizari aliingiwa na hofu kubwa. Mke alimwomba radhi kwa kumtia wasiwasi. Kuacha, hakuacha.

Mapema mwaka 1876 alikwenda Uingereza, akakodi nyumba ya Easton Neston huko Northamptonshire, katika nchi ya wawindaji hodari kuliko wote. Alipewa kiongozi wa kumtangulia katika nyua na mifereji: kapteni William Middleton, aliyeitwa Bay. Kapteni hakuifurahia kazi hiyo mwanzoni. Alidhani atapewa malkia wa kubembelezwa, na yeye abaki nyuma huku wenzake wakila mbio. Baada ya muda mfupi aligundua kuwa popote aliporuka, mwanamke yule aliruka nyuma yake. Kwa miaka kadhaa wakawa jozi iliyozungumzwa na kila mtu, na wasengenyaji hawakukosa la kusema.

Mwaka 1879 na 1880 alikwenda kuwinda Ayalandi, akikaa Summerhill katika jimbo la Meath. Siku moja ya Februari 1879 paa mkubwa aliyekuwa akikimbizwa aliingia ndani ya chuo cha mapadri cha Maynooth. Mbwa wakaingia nyuma yake, na Malkia akaingia nyuma ya mbwa. Wakuu wa chuo wakajikuta wana mgeni Mkatoliki wa cheo cha juu kabisa, amelowa, hana hata vazi la kujikinga na baridi, wakamtafutia la kujifunika. Baadaye akawatumia shukrani: sanamu ya fedha ya Mtakatifu George. Hakujua, au hakukumbuka, kwamba huyo ni msimamizi wa Uingereza, na kwamba Waayalandi walikuwa na ugomvi mzito na Uingereza. Zawadi nyingine ikafuata, mavazi ya ibada yaliyotariziwa majani ya shamroki, alama ya Ayalandi. Hapo mambo yakatulia.

Kosa lile la zawadi lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa nje ya kuta za chuo. Mavuno ya Ayalandi yalikuwa mabaya, wapangaji wa ardhi walikuwa wakifukuzwa, na Oktoba 1879 ulianzishwa umoja wa kudai haki zao. Mashamba aliyoyaruka Malkia kwa furaha yalikuwa na watu wenye njaa. Baada ya muda wakulima wakaanza kuzuia wawindaji wasipite. Mwaka 1881 alishauriwa asirudi, akaenda Cheshire, Uingereza.

Nchini kwake pia watu walihesabu gharama. Machi 1879 mafuriko yaliusomba mji wa Szeged, Hungaria, na maelfu ya nyumba zikaanguka. Elisabeth alikatiza mawindo ya Ayalandi akarudi. Ilikuwa sahihi kurudi, lakini ilionyesha pia jinsi alivyokuwa mbali siku zote.

Mwaka 1882 aliwinda Cheshire kwa mara ya mwisho. Mwaka huo Middleton alioa na hakuwa tena kiongozi wake. Elisabeth alikuwa na miaka 44, viungo vikianza kuuma, na ule ujasiri wa kuruka bila kuona upande wa pili ulikuwa umemtoka. Hakurudi tena. Alianza kutembea kwa miguu, saa nyingi kwa siku, kwa mwendo ulioshinda wanawake wa kumsindikiza. Middleton alifariki mwaka 1892, alipoanguka katika mashindano ya mbio za kuruka viunzi.

Rudolf alikua huku mama akiwa safarini. Wawili hao walifanana: wote walisoma sana, wote hawakuipenda ikulu, wote walikuwa na huzuni ndani. Lakini hawakukaribiana. Mama aliyempigania mtoto wa miaka sita hakujua kijana wa miaka 30 alikuwa amefika wapi. Alfajiri ya tarehe 30 Januari 1889, katika nyumba ya kuwindia ya Mayerling, Rudolf alijiua kwa risasi baada ya kumuua binti wa miaka 17, Mary Vetsera. Ulikuwa haujatimia mwaka tangu Teleki alifikie ziwa na kulipa jina lake.

Tangu siku hiyo Elisabeth alivaa nyeusi. Alizunguka Ulaya na Afrika Kaskazini kwa meli na treni, akajenga jumba kisiwani Corfu, Ugiriki, kisha akalichoka. Tarehe 10 Septemba 1898 alikuwa Geneva, Uswisi, akitembea kuelekea meli ya ziwani na msindikizaji mmoja tu. Kibarua Mwitaliano, Luigi Lucheni, aliyekuwa amekusudia kumuua mtu yeyote wa ukoo wa kifalme, alimchoma kifuani kwa tupa iliyonolewa. Elisabeth alianguka, akainuka, akadhani amepigwa ngumi tu, akatembea hadi melini. Muda mfupi baadaye akazimia. Alifariki siku hiyohiyo, akiwa na miaka 60.

Ni rahisi kumhukumu. Alikuwa na farasi wengi wakati wengine hawana mkate, na alikimbia nyumba iliyomhitaji. Ni rahisi pia kumhurumia binti aliyefungiwa akiwa na miaka 16. Haki ni kuyasema yote mawili. Subira ile anayohitaji farasi mwanzoni mwa msimu, ya kutembezwa polepole hadi aaminike, Elisabeth aliijua vizuri kuliko wengi. Mwanawe aliihitaji pia.

Ziwa sasa lina jina la watu wanaoishi kando yake. Na huko Gödöllő kasri bado lipo. Kila Septemba, wakati malisho yanapoanza kukauka, ndio wakati ambao zamani masaisi wa Malkia waliwatoa farasi nje kuanza kuwatembeza.