Mtoro bin Mwinyi Bakari

Mtoro bin Mwinyi Bakari (Dunda, karibu na Bagamoyo, takriban 1869 – Berlin, Ujerumani, 1927) alikuwa mwandishi na mwalimu wa Kiswahili kutoka pwani ya nchi ambayo leo ni Tanzania. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kufundisha lugha na utamaduni wao katika vyuo vya Ulaya.

== Maisha ya awali ==
Mtoro alizaliwa katika familia ya Wazaramo Waislamu. Alipata elimu ya dini chuoni, yaani shule ya Kurani, akajua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Baadaye aliajiriwa na serikali ya Kijerumani kukusanya kodi. Habari za safari yake ya Udoe na Uzigua zilichapishwa mwaka 1901 katika kitabu kilichohaririwa na Carl Velten, mtaalamu Mjerumani wa Kiswahili.

== Mwalimu mjini Berlin ==
Mwaka 1900 alikwenda Berlin kuwa mwalimu msaidizi katika Seminari ya Lugha za Mashariki, taasisi ya chuo kikuu iliyoanzishwa mwaka 1887. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa maafisa, wafanyabiashara na wamisionari waliojiandaa kwenda koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Velten alifundisha sarufi. Mtoro alifundisha matamshi na mazungumzo.

== Desturi za Wasuaheli ==
Kitabu hiki kilichapishwa mwaka 1903. Velten alikihariri, na kwa miaka mingi kilitajwa kwa jina lake, lakini sehemu kubwa iliandikwa na Mtoro. Kinaeleza uzazi, malezi, jando na unyago, ndoa, ngoma, pepo, utumwa, madaraka ya majumbe, safari za bara na mazishi. Maelezo yametolewa na mtu aliyeishi ndani ya desturi hizo, si na mgeni aliyezitazama kutoka nje.

== Ndoa na kuzuiwa kurudi nyumbani ==
Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Wakati huohuo alikuwa amelalamikia utovu wa heshima wa baadhi ya wanafunzi, ambao hawakutaka kufundishwa na mtu mweusi. Aliacha kazi, na mwaka 1905 akasafiri na mke wake kurudi kwao. Serikali ya koloni haikumruhusu Bertha kushuka, kwa kuwa watawala waliona ndoa ya Mwafrika na mwanamke mweupe inahatarisha heshima ya utawala wao. Mtoro hakukubali kumwacha mke wake, nao wakarudi Ujerumani pamoja. Hakuishi tena Bagamoyo.

== Miaka ya mwisho ==
Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 alifundisha Kiswahili katika Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg, alipofanya kazi na Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kibantu. Baadaye alipata riziki kwa kutoa mihadhara kuhusu Afrika ya Mashariki sehemu mbalimbali za Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927.

== Umuhimu ==
Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotolewa mwaka 1981, ilimtaja Mtoro kuwa mwandishi. Hadi leo wanahistoria na wanafunzi wa Kiswahili hutumia kitabu chake kuelewa maisha ya mrima mwishoni mwa karne ya 19.