Mboya hakutuombea bunduki

Mapema muhula huu nilialikwa kuamua mdahalo wa wanafunzi wa shule za upili mjini Kisumu. Hoja ilikuwa kwamba katiba yetu impe kila raia haki ya kumiliki bunduki, kama ilivyo Marekani. Msichana mmoja wa upande uliounga hoja mkono aliunyamazisha ukumbi alipouliza iwapo askari wangethubutu kuufyatulia risasi umati wa Kisumu mwezi Oktoba 1969 kama umati huo nao ungalikuwa na silaha. Wapinzani wake hawakuwa na jibu, nami nikawapa ushindi waliostahili. Tangu siku hiyo nimelitafuta jibu ambalo halikutolewa. Nimeliona katika maisha ya mtu ambaye jina lake limeandikwa langoni mwa Chuo cha Wafanyakazi cha Tom Mboya katika mji huo huo.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambamo baba yake, mzee Leonardus Ndiege, alikuwa nyapara. Asili yao ilikuwa Kisiwa cha Rusinga, ng'ambo ya Mbita. Alisoma katika shule za misheni za Kikatoliki Ukambani, Yala na Mang'u, kisha akajifunza ukaguzi wa afya huko Kabete na kuajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Kazi hiyo ilimkuta katika mji uliotawaliwa na mtutu. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Mlowezi alitembea na bastola kiunoni, lakini Mwafrika aliyekamatwa nayo alikabiliwa na kitanzi. Dedan Kimathi mwenyewe alinyongwa Februari 1957 kwa kosa la kupatikana na bastola. Wala Waluo hawakusalimika: mwaka 1953 diwani Ambrose Ofafa aliuawa kwa risasi Nairobi, na Ukumbi wa Ofafa uliojengwa Kisumu ndio kumbukumbu yake. Msomaji na atambue basi kwamba katika nchi hii bunduki ilianza kuwa upendeleo wa wachache kabla haijawa suala la haki.

Katika mazingira hayo kijana Mboya alijitafutia silaha ya namna nyingine. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23 tu, alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Wakati wanajeshi walipoizingira Nairobi mwezi Aprili 1954 na kuwazoa maelfu ya watu, yeye aliendelea kuandika barua, kufungua mashauri na kudai mikataba. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, alishuka pwani akapatanisha, na mishahara ikapanda. Baada ya mwaka mmoja wa masomo huko Oxford alirudi na, mwezi Machi 1957, wiki chache tu baada ya Kimathi kunyongwa, akamshinda wakili Argwings-Kodhek katika uchaguzi wa kiti cha Nairobi. Desemba 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra, na Septemba 1959 ndege ya kwanza iliyojaa wanafunzi 81 iliondoka kuelekea Marekani kwa juhudi zake.

Ni kutoka Marekani hiyo hiyo alikomwalika Thurgood Marshall, wakili mweusi aliyekuwa ameushinda ubaguzi wa shule mahakamani mwaka 1954, awe mshauri wa wajumbe Waafrika katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mapema mwaka 1960. Marshall aliwaandikia rasimu ya haki za binadamu. Ilitaja usawa mbele ya sheria, uhuru wa dini na wa kusema, elimu, afya, kazi, kura na ulinzi wa mali. Haki ya kumiliki bunduki haikuwamo. Naomba wanafunzi wetu walitafakari jambo hilo. Mtu huyu alitoka katika nchi ambayo katiba yake, kwa nyongeza ya pili ya mwaka 1791, inazungumzia haki ya watu kuwa na silaha, maneno ambayo mahakama yake ya juu iliyafasiri mwaka 2008 kuwa haki ya mtu binafsi. Alipopewa ukurasa mtupu aandikie taifa jipya, hakuyabeba maneno hayo. Wala Mboya hakuyaomba.

Hapa mwalimu wa lugha ataniruhusu kutenganisha maneno mawili tunayoyachanganya. Haki ni kitu ambacho mtu anacho kabla hajaiendea serikali. Ruhusa ni kitu anachopewa, na kinaweza kuondolewa. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 haikuifanya bunduki kuwa haki, na ya mwaka 2010 vilevile. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hutoa ruhusa kwa mwenye sababu ya kuridhisha, na mwaka 2018 wenye vibali wote waliamriwa kuhakikiwa upya.

Lakini maisha ya Mboya si wasifu wa malaika. Akiwa Waziri wa Sheria na Masuala ya Katiba alisimamia hatua za kuimarisha serikali kuu, na mwaka 1964 majimbo yakavunjwa. Mwaka 1966 alikuwa fundi mkuu wa mkutano wa Limuru uliomwondoa Jaramogi Oginga Odinga katika uongozi wa KANU, na mwaka huo huo serikali aliyoitumikia ikajipa uwezo wa kumfunga mtu bila kumshtaki. Sura ya haki ya katiba ile nayo ilikuwa na mwanya: ilikataza kuua, kisha ikaruhusu kuua kwa nguvu zitakazoonekana kuwa za kadiri, hata katika kuzima ghasia. Mboya aliyejua thamani ya haki alishiriki kumlegezea kamba mwenye bunduki nyingi kuliko wote, yaani serikali.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, muda mfupi baada ya saa saba mchana, alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa hajatimiza miaka 39. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kifo Septemba mwaka huo na kunyongwa Novemba, na hadi leo wengi hawaamini kwamba alikuwa peke yake. Jeneza lilisafirishwa hadi Kisumu na kuzunguka ghuba kuelekea Rusinga, huku umati ukilia njia nzima.

Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kufungua Hospitali Kuu mpya ya Nyanza. Hasira za Julai hazikuwa zimepoa. Yeye na Odinga walitupiana maneno hadharani, vurugu zikazuka, na walinzi wakaufyatulia umati risasi. Serikali ilikiri vifo 11, wengine wakahesabu vingi zaidi. Siku chache baadaye chama cha KPU kilipigwa marufuku.

Sasa nimjibu yule binti. Bastola mfukoni isingalimwokoa Mboya, kwani muuaji hakubisha hodi. Nao umati wa Kisumu ungalikuwa na bunduki, risasi zisingalikoma. Zingaliongezeka, na serikali ingalipata katika ule mwanya wa kuzima ghasia sababu ambayo siku ile haikuwa nayo. Waliokufa Oktoba 1969 hawakukosa bunduki. Walikosa sheria ambayo ingalimlazimisha aliyefyatua kusimama kizimbani akajieleze.

Jibu hilo halifuti uchungu ulioleta swali. Tume ya Jaji Philip Waki ilionyesha kwamba wengi wa waliouawa Kisumu katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 walikufa kwa risasi za polisi, na Machi 2023 mwanafunzi wa chuo kikuu aliuawa kwa risasi ya polisi huko Maseno wakati wa maandamano. Hata hivyo leo tunayo maandishi ambayo Mboya hakuwa nayo. Sheria ya Polisi ya mwaka 2011 inataja lini afisa anaweza kutumia bunduki na inamtaka atoe taarifa, na mamlaka huru ya kuchunguza polisi iliundwa mwaka huo huo. Kwa hiyo, walimu wenzangu, mdahalo ujao na uwe juu ya kwa nini maandishi hayo hayatekelezwi.

Kaburi la Mboya kule Rusinga limejengwa kwa umbo la risasi. Wapelekeni wanafunzi wakalione. Ndani wataonyeshwa mkoba aliokuwa nao siku ile, nao ni mkoba wa karatasi.