Jean de Heinzelin, aliyefukua mfupa wa hesabu wa Ishango

Wakaaji wengi wa Beni na Butembo wanaijua Ishango kwa sababu ya samaki, viboko na Parke ya Virunga. Lakini kwa wapenzi wa sayansi duniani, Ishango ni jina la mfupa mmoja mdogo, wa sentimita 10 hivi. Aliyeufukua ni Jean de Heinzelin, mjiolojia wa Ubelgiji.

De Heinzelin alizaliwa mwaka wa 1920. Mwaka wa 1950, wakati wa ukoloni, alifanya uchimbaji Ishango, si mbali na Kasindi, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edouard. Udongo ulimwonyesha maisha ya wavuvi wa zamani sana: ncha za mikuki zenye meno, vijiwe vya kusagia, mifupa ya samaki na ya watu.

Kati ya vitu hivyo kulikuwa ule mfupa wa rangi ya kahawia, umechomekwa kipande cha jiwe gumu kwenye ncha moja. Mtu mwingine angeona mikwaruzo tu. Yeye aliihesabu, mmoja mmoja. Iko katika safu tatu. Safu ya kwanza ina vikundi vya 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Ya pili ina 11, 21, 19 na 9, nayo jumla ni 60. Ya tatu ina jumla ya 48, na ndani yake 3 inafuatwa na 6, kisha 4 inafuatwa na 8, kama mtu anayezidisha mara mbili.

Mwaka wa 1962 aliandika katika gazeti la Marekani, Scientific American, kwamba watu wa Ishango pengine walikuwa wanacheza na hesabu, na kwamba ujuzi wao huenda ulipanda kaskazini hadi Misri. Si wote walikubali. Mmarekani Alexander Marshack aliona humo kalenda ya mwezi. Wengine wanasema mikwaruzo ilisaidia tu mkono usiteleze. Mabishano hayajaisha mpaka leo. Hata umri ulibadilika: de Heinzelin alifikiri ni miaka elfu chache, lakini vipimo vya baadaye vilifikisha karibu miaka 20.000.

Mwaka wa 1968, filamu ya Stanley Kubrick, 2001: A Space Odyssey, ilionyesha kiumbe wa kale akirusha mfupa juu, na papo hapo picha inageuka kuwa chombo cha angani. Filamu haiitaji Ishango, lakini wapenzi wa teknolojia wanapenda kuilinganisha nayo. Tofauti ni kubwa: mfupa wa filamu ni silaha ya kuua. Ule wa kwetu, kama de Heinzelin alisema kweli, ni wa kuhesabu. Kwa eneo ambalo dunia inalisikia zaidi kwa habari za vita, hilo si jambo dogo.

De Heinzelin alifundisha iniversite ya Gand, akaendelea na utafiti hadi Ethiopia. Alifariki Novemba 1998.

Mfupa wenyewe uko Bruxelles, katika jumba la makumbusho la sayansi asilia. Mtoto wa Kasindi akitaka kuuona, anahitaji pasipoti, viza na tiketi ya ndege. Lakini hesabu zake, 60, 60 na 48, mwalimu yeyote anaweza kuziandika ubaoni kesho asubuhi.