Shelley Mann: aliugua polio utotoni, akashinda dhahabu ya Olimpiki

Mwezi Desemba 1956, mjini Melbourne, Australia, binti Mmarekani wa miaka 19 aliogelea mita 100 kwa mtindo wa kipepeo kwa dakika 1 na sekunde 11. Shelley Mann akawa mwanamke wa kwanza kushinda medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mtindo huo. Huyu ndiye aliyekuwa ameugua polio akiwa mtoto mdogo.

Mann alizaliwa New York tarehe 15 Oktoba 1937. Ugonjwa ulimpata akiwa na miaka sita, wakati dunia haikuwa bado na chanjo. Virusi vya polio hushambulia mishipa ya fahamu, na misuli hubaki bila nguvu. Alipofikisha miaka 10, alianza kuogelea ili mikono na miguu ipate nguvu tena, kwa kuwa maji hubeba uzito wa mwili na kumwezesha mgonjwa kufanya mazoezi asiyoyaweza nchi kavu.

Mazoezi ya tiba yakageuka mashindano. Alijiunga na klabu ya Walter Reed ya Washington, chini ya kocha Stan Tinkham, ambaye pia aliwaongoza wanawake wa Marekani kule Melbourne.

Mtindo aliouchagua ndio unaochosha kuliko yote. Mikono yote miwili hurushwa mbele pamoja juu ya maji, na miguu ikiwa imeungana hupiga kama mkia wa samaki. Zamani ulihesabiwa kuwa sehemu ya mtindo wa chura. Ulitenganishwa mwaka 1952, na Olimpiki ya 1956 ikawa ya kwanza kuupa mashindano yake.

Uholanzi, yenye waogeleaji hodari kama Atie Voorbij, haikwenda Melbourne, kwa kupinga uvamizi wa Urusi ya Kisovieti nchini Hungaria. Wamarekani wakachukua medali zote tatu: Mann, kisha Nancy Ramey, kisha Mary Sears. Mann alipata pia fedha katika mbio za kupokezana za mita 100 mara nne, nyuma ya Australia. Mwaka 1966 jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la waogeleaji wa dunia. Alifariki mwezi Machi 2005 akiwa na miaka 67.

Maisha yake yanawahusu pia wazazi wa Bwegera, Sange, Luvungi na Uvira. Machi 2023 Burundi, ng'ambo ya mto Ruzizi, ilitangaza mlipuko wa polio, wa kwanza baada ya zaidi ya miaka 30, na virusi vya aina hiyo vilionekana pia Kivu ya Kusini. Polio husambaa kwa maji na mikono yenye uchafu wa choo, na haina dawa ya kuiponya.

Mann alihitaji miaka ya mazoezi, bwawa na kocha ili kurudisha nguvu zake, na watoto wengi wa bonde la Ruzizi hawana hayo yote. Matone mawili ya chanjo mdomoni, yakirudiwa kila wapimaji wanapopita, humkinga mtoto kabla ugonjwa haujafika kwenye miguu yake.