Thomas Kyd na Ulimi Uliokatwa

Katika madarasa ya fasihi ya Kiingereza, Thomas Kyd ni mtu wa sentensi moja. Mwalimu anayejiandaa kufundisha Hamlet hutaja kwamba Kyd ndiye aliyeistawisha tanzia ya kisasi katika majukwaa ya London, wanafunzi hulinakili jina hilo pembezoni mwa daftari, kisha darasa zima huhamia kwa Shakespeare. Mimi ni mtu wa isimu, na huenda wenzangu wa fasihi wakaniona mdakuzi. Hata hivyo naamini kwamba mwanafunzi asiyesimuliwa maisha ya mtu huyu pamoja na tamthilia yake, The Spanish Tragedy, yaani Tanzia ya Kihispania, amepunjwa. Sidhani kama yupo mwandishi mwingine wa enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza ambaye kazi yake na maisha yake viligongana kwa ukatili namna hiyo, na mgongano wenyewe ulihusu ulimi.

Kyd alibatizwa mjini London tarehe 6 Novemba 1558, siku kumi na moja kabla ya Elizabeth kurithi kiti cha enzi. Baba yake, Francis Kyd, alikuwa mwandishi wa hati, mtu wa kuwaandikia wengine mikataba, wosia na madai yao. Mwaka 1565 mtoto aliingizwa katika shule ya Merchant Taylors, ambayo chama cha washonaji wa mji huo kilikuwa kimeianzisha miaka minne kabla. Mshairi Edmund Spenser naye alisoma huko. Mwalimu mkuu alikuwa Richard Mulcaster, na hapa msomaji aniruhusu nitue kidogo.

Zama hizo Kilatini ndicho kilichokuwa lugha ya elimu katika Ulaya ya Magharibi. Kiingereza kilihesabiwa na wasomi wengi kuwa lugha ya nyumbani na sokoni, isiyokuwa na msamiati wa kubebea fikra nzito. Mulcaster alifundisha Kilatini kama walimu wenzake, lakini hakukubaliana na dharau hiyo. Katika kitabu chake Elementarie, kilichochapishwa mwaka 1582, alitetea kwamba Kiingereza chaweza kubeba taaluma yoyote ile, akaambatisha orodha ya maneno yapatayo 8,000 ili tahajia yake ipate kanuni. Sisi ambao tumezoea kuambiwa kwamba Kiswahili hakifai kwa sayansi tunaijua hoja hiyo, na pengine ingetufaa kukumbuka ni lugha gani iliyokuwa ikibezwa miaka mia nne na ushei iliyopita. Mulcaster alipenda pia drama, na wavulana wake waliwahi kuigiza mbele ya Malkia.

Hakuna kumbukumbu inayoonyesha kwamba Kyd alikwenda Oxford au Cambridge. Mwaka 1589 Thomas Nashe, aliyekuwa amehitimu Cambridge, aliandika maneno ya kejeli dhidi ya watu walioacha kazi ya kunakili hati walizozaliwa nazo, wakajitosa katika uandishi kwa kumsoma Seneca katika tafsiri ya Kiingereza. Wataalamu wengi huamini kuwa aliyekusudiwa ni Kyd. Kwa kuwa kejeli hiyo hiyo inataja Hamlet, miaka mingi kabla ya tamthilia ya Shakespeare tunayoisoma, wengine hukisia kwamba Hamlet ya kwanza, ambayo imepotea, ilikuwa ya Kyd. Hilo halijathibitishwa.

Tanzia ya Kihispania haihitaji makisio. Kufikia mwaka 1592 ilikuwa ikichezwa katika jumba la Rose na ilikwishatiwa chapani. Mhusika wake mkuu, Hieronimo, ni hakimu katika jumba la mfalme wa Uhispania. Usiku mmoja anaamshwa na mayowe, anatoka bustanini na kukuta maiti imetundikwa, naye anapoishusha anamtambua mwanawe, Horatio. Wauaji ni Lorenzo, mpwa wa mfalme, na Balthazar, mwana wa mtawala wa Ureno. Kuanzia hapo hakimu aliyewaamulia wengine kesi zao hana pa kupeleka kesi yake. Anapojaribu kumfikia mfalme anazuiwa na huyo huyo Lorenzo. Mzee mmoja anapomletea ombi kuhusu mwanawe aliyeuawa, Hieronimo anazirarua hati za waombaji kwa meno yake. Nikumbushe kwamba anayeyaandika haya ni mtoto wa mwandishi wa hati.

Mwishowe Hieronimo anatunga mchezo na kuwagawia wauaji nafasi ndani yake. Anaagiza kila mmoja atumie lugha yake, huyu Kilatini, yule Kiitaliano, mwingine Kifaransa, naye mwenyewe Kiyunani. Wakuu wanaotazama wanaona visu na wanashangilia uigizaji, kumbe damu ni ya kweli. Wenye kuichapa tamthilia waliona msomaji wa kawaida atapotea, wakaiweka sehemu hiyo kwa Kiingereza na kutoa maelezo mafupi ya sababu yao. Baadaye Hieronimo anaeleza yote kwa lugha inayoeleweka na wote, lakini mfalme anaendelea kumsaili na kumtishia mateso. Ndipo anapoung'ata ulimi wake na kuutema. Anapewa kalamu aandike, anaashiria kwamba inahitaji kuchongwa, na kisu anacholetewa ndicho anachomuulia baba yake Lorenzo, mtu asiyekuwa na hatia, kisha akajiua nacho. Mwanafunzi anayeuona mwisho huu kuwa kichekesho cha damu aulizwe kwa nini mtu aliyekwisha kusema kila kitu bado anatakiwa aseme.

Kyd alipata jibu la swali hilo katika mwili wake mwenyewe. Mwezi Mei 1593 palibandikwa ukutani mwa kanisa la Waholanzi mjini London maandishi ya vitisho dhidi ya wageni, na serikali ikaamuru washukiwa wasakwe. Kyd alikamatwa tarehe 12. Maandishi hayo hayakupatikana kwake, ila zilipatikana karatasi zilizokana uungu wa Yesu Kristo. Aliteswa. Alisema karatasi hizo zilikuwa za Christopher Marlowe, na kwamba zilichanganyika na zake walipokuwa wakiandika katika chumba kimoja yapata miaka miwili nyuma. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa maneno yenyewe yalinakiliwa kutoka katika kitabu kilichochapishwa hadharani mwaka 1549, tena kitabu kilichoandikwa ili kuyapinga.

Marlowe aliuawa kwa kisu huko Deptford tarehe 30 mwezi huo huo. Kyd alipoachiliwa alimwandikia Sir John Puckering, mwenye dhamana ya mhuri wa dola, akimsihi amsaidie kurudi katika utumishi wa bwana wake wa zamani, na humo akamshutumu marehemu kwa ukafiri na ukali wa tabia. Wapo wanaomhukumu kwa barua hizo. Mimi siwezi. Hieronimo alikuwa na uhuru wa mhusika wa jukwaani, na mtungaji wake alikuwa na mifupa.

Bwana wake hakumrudisha. Mwaka 1594 alitoa Cornelia, tafsiri ya tamthilia ya Mfaransa Robert Garnier, na katika tabaruku yake alizungumzia nyakati chungu alizozipitia. Alizikwa tarehe 15 Agosti mwaka huo katika kanisa la St Mary Colechurch, London, akiwa na umri wa miaka 35. Mwezi Desemba mama yake, kwa niaba ya mumewe, alikataa kisheria kusimamia mali aliyoiacha, labda kwa sababu ya madeni.

Tamthilia iliendelea kuchezwa na kuchapwa pasipo jina lake, na Ben Jonson alilipwa ili aiongezee sehemu mpya. Thomas Heywood alimtaja Kyd kuwa mtunzi, kwa kupitia tu, katika kitabu cha mwaka 1612. Dokezo hilo halikufanyiwa kazi hadi mwaka 1773, Thomas Hawkins alipoliona na kumrudishia Kyd kazi yake. Kanisa alimozikwa lilikuwa limekwisha kuteketea katika moto mkubwa wa London wa mwaka 1666, na halikujengwa tena.