Margaret Ogola: Daktari wa watoto aliyetuachia Akoko

Mtaje Akoko mbele ya Wakenya waliosoma shule ya upili miaka ya 2000, halafu kaa uone. Mmoja atacheka. Mwingine ataanza kuhesabu ng'ombe 30 wa mahari. Wa tatu atakukumbusha Owang' Sino, yule aliyesakamwa na mwiba wa samaki akafa. Watabishana utadhani wanazungumzia watu wa ukoo wao.

Lakini waulize aliyeandika hadithi hiyo alikuwa nani hasa, wengi watakutajia jina tu: Margaret Ogola. Basi, wanaishia hapo.

Kumbe mwanamke huyo hakuwa mwandishi wa kutwa nzima. Alikuwa daktari wa watoto. Riwaya iliyosomwa na vizazi vya wanafunzi wa Kenya iliandikwa na mtu ambaye mchana alikuwa akipima homa, akiandika dawa na kuwashika mkono watoto waliokuwa hawana mzazi wa kuwashika.

Alifariki Septemba 2011 akiwa na umri wa miaka 53, baada ya kuugua saratani.

Hadithi za mama

Margaret Atieno Ogola alizaliwa mwaka 1958 huko Asembo, Siaya, karibu na Ziwa Victoria. Kwa Waluo wa zamani, wasichana walilala katika nyumba ya nyanya iliyoitwa siwindhe. Huko ndiko walikofundishwa maisha: hadithi, vitendawili, mambo ya ndoa, na jinsi ya kuishi na watu.

Kufikia wakati wa Margaret, mambo yalikuwa yanabadilika na watoto walikuwa wanaenda shule. Hata hivyo hadithi hazikukatika. Mama yake alimsimulia habari za wanawake waliomtangulia, yaani nyanya na mama wa nyanya. Hazikuwa habari za malkia. Zilikuwa za wanawake wa kijijini, wenye akili na msimamo, waliozika watoto na waume lakini hawakukubali kukanyagwa.

Habari hizo ndizo zilizokuja kuwa mbegu ya kitabu chake.

Shuleni alikuwa moto. Alisoma Thomson's Falls, mbali kabisa na kwao ziwani, kisha Alliance Girls. Kutoka hapo akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea udaktari na kuhitimu mwaka 1984. Hakutosheka. Alirudi darasani na mwaka 1990 akapata shahada ya uzamili katika matibabu ya watoto.

Aliolewa na daktari mwenzake, wakalea familia. Na katikati ya zamu za hospitali na kazi za nyumbani, alikuwa akiandika.

Akoko anaingia

Mwaka 1994 riwaya yake ya kwanza, The River and the Source, ilitoka. Mwaka uliofuata ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, na pia Tuzo ya Waandishi ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza bora kanda ya Afrika. Kwa mtu aliyekuwa anaandika riwaya yake ya kwanza, hayo hayakuwa mambo madogo.

Hadithi inaanza kabla mzungu hajatia mguu nchi ya Waluo na kufika hadi Kenya ya miaka ya karibuni. Inafuata wanawake wa ukoo mmoja: Akoko, binti yake Nyabera, mjukuu Awiti, kisha mabinti wa Awiti.

Akoko ni binti wa chifu wa Yimbo. Anaolewa na Owuor Kembo, chifu wa Sakwa, ambaye anampenda mno hadi anakataa kuoa mke wa pili. Mama mkwe anakasirika. Chifu gani huyo mwenye mke mmoja?

Halafu msiba unaanza. Mwanawe wa kwanza, Obura, anatoroka kwenda kuiona dunia na kufia Tanganyika katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mume anafuata. Mwana wa pili, Owang' Sino, naye anakufa kwa ule mwiba. Anayebaki kurithi kiti ni mtoto mchanga, na shemeji, Otieno, anakinyakua kiti na kuanza kutafuna mali ya mjane.

Akoko angeweza kunyamaza, au kukubali kurithiwa. Badala yake anafunga safari hadi Kisumu kumshtaki shemeji yake kwa utawala wa wazungu. Hajui kusoma wala kuandika, na lugha ya mzungu haijui. Anachojua ni kwamba ameonewa. Anasikilizwa, na Otieno anashindwa.

Hapo ndipo wasomaji wengi walipompenda. Maana habari ya mjane kunyang'anywa shamba na mashemeji haijawa historia Kenya. Kesi zake bado zinafika mahakamani. Msichana wa Kidato cha Tatu aliyeiona kwao nyumbani alimsoma Akoko akajua kwamba kumbe mtu anaweza kukataa, na kwamba kukataa huko si jambo lililoletwa juzi na watu wa semina. Lilikuwepo tangu enzi za nyanya.

Ugonjwa usiotajwa

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawakulitambua wakati wakikariri majina ya wahusika kwa ajili ya mtihani.

Katika sehemu ya mwisho ya riwaya, Becky, binti mrembo wa Awiti, anafariki kwa Ukimwi. Ogola aliandika hivyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1994. Serikali ya Kenya ilikuja kutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, miaka mitano baadaye.

Wakati huo matanga yalikuwa kila wikendi, lakini ugonjwa haukutajwa. Marehemu alikuwa ameugua kifua, au malaria, au ameugua kwa muda mrefu, basi. Huko Nyanza wengine walisema ni chira, ile laana ya kuvunja miiko. Watu walizika wakanyamaza.

Ogola hakunyamaza. Alikuwa mkurugenzi wa matibabu wa Cottolengo, makao ya Nairobi yanayowatunza mayatima wanaoishi na virusi vya HIV. Miaka hiyo dawa za kupunguza makali zilikuwa ghali kupita kiasi, na hazikuwa za mtoto asiye na mtu. Kazi ya daktari mara nyingi ilikuwa kupunguza maumivu, kutibu kikohozi na vidonda, na kuhakikisha mtoto hafi peke yake.

Alipomwandika Becky, na watoto wawili anaowaacha, hakuwa anabuni kutoka hewani. Watoto wa aina hiyo aliwajua.

Riwaya yake iliyofuata, I Swear by Apollo, ilitoka mwaka 2002 na ikawarudia watoto hao wa Becky na familia iliyowalea. Jina la kitabu linatokana na kiapo cha kale cha madaktari. Swali lake ni la mtu aliyeishi wodini: daktari anamdai nini mgonjwa, na mtoto aliyepoteza wazazi ni wa nani?

Muumini asiyejificha

Si kila mtu alikubaliana na Ogola. Alikuwa Mkatoliki wa dhati na hakuficha. Alifanya kazi na maaskofu wa Kenya katika masuala ya afya na familia, na alisaidia kuandika maisha ya Kadinali Maurice Otunga. Mwaka 1995 alihutubia mkutano wa wanawake duniani uliofanyika Beijing, akitetea hadhi ya mwanamke wa Afrika. Wakati huohuo alipinga uavyaji mimba waziwazi.

Imani hiyo imo pia ndani ya riwaya. Nyabera, akiwa mjane aliyechoka na mila ya kurithiwa, anakimbilia misheni. Mjukuu mmoja wa Akoko anakuwa padri. Wapo wasomaji walioona kwamba kanisa na serikali ya mkoloni vimechorwa vizuri kuliko vilivyostahili.

Hoja hiyo ina uzito. Lakini tuseme pia hili: wanawake wa Ogola hawasubiri kuokolewa. Wanatumia mlango wowote ulio wazi, uwe wa mzungu, wa misheni au wa shule. Ukifungwa, wanatafuta mwingine. Ndivyo wanawake wengi wa Kenya walivyoishi kweli.

Kuandika kifo, kisha kukutana nacho

Mwaka 2005 alitoa Place of Destiny. Mhusika mkuu ni Amor Lore, mwanamke aliyefanikiwa katika biashara, ambaye anaambiwa ana saratani isiyotibika. Kitabu kinamfuata akijiandaa kuondoka: kuwaaga watoto, kumshukuru mume, na kupanga mambo yake akiwa bado na nguvu.

Miaka sita baadaye, Ogola mwenyewe aliondoka kwa saratani.

Ukikirudia kitabu hicho leo, ni vigumu kukisoma kama zamani. Aliyekiandika alikuwa daktari, alijua saratani inavyoenda. Na bado alichagua kuandika kwamba siku za mwisho za mtu ni sehemu ya maisha yake, zina kazi yake na furaha yake. Hilo aliliona kwa watoto wa Cottolengo kabla ya kulipitia yeye.

Mwaka uliofuata kifo chake kilitoka Mandate of the People, riwaya kuhusu siasa na uchaguzi. Na The River and the Source, iliyokuwa imewahi kuwa kitabu teule cha KCSE, ikarudishwa madarasani. Kizazi kipya kikaanza kubishana kuhusu ng'ombe 30.

Kilichobaki

Vitabu teule vingi huchukiwa. Mwanafunzi anamaliza karatasi ya mwisho, anakitupa kitabu chini ya kitanda na hataki kukisikia tena. Hiki hakikupata bahati hiyo mbaya. Watu walikimaliza wakiwa na Akoko wao kichwani, na baadaye maishani wakamkuta tena: kwenye matanga ya mume, kwenye kikao cha ukoo kuhusu shamba, au siku binti yao alipokataa kuozwa mapema.

Tena wengi wao hawakuwa Waluo. Mkikuyu, Mkamba, Mmijikenda na Mkalenjin walisoma habari za Yimbo na Sakwa, wakamwona nyanya yao humo. Ogola mwenyewe alilitia ndani ya hadithi: Aoro, daktari, anamwoa Wandia, daktari mwenzake kutoka jamii ya Wakikuyu, na kila familia inalazimika kujifunza kuipokea nyingine. Katika nchi ambayo baadaye, mwanzoni mwa 2008, majirani walifukuzana kwa sababu ya kabila, ndoa hiyo ya kitabuni ilikuwa na maana kubwa kuliko maswali ya mtihani.

Kama bado unayo nakala yako, ile yenye majina ya watu watatu waliokutangulia na jalada lililoshikiliwa na gundi, usiiuze kwa bei ya kufungia mandazi. Mpe binti yako au mpwa wako aisome.

Akoko hakujua kusoma, lakini maelfu ya watoto wamekesha na taa wakimsoma yeye.